Kaunta ya Sentimita Mia na Kumi

Kila mwisho wa mwezi foleni ya fundi cherehani ilianza kabla hajafungua dirisha. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza ya kukatia, kioo chenye ufa pembeni, na cherehani ya miguu iliyosogezwa karibu na mwanga. Jumamosi hiyo wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu wa hesabu. Suruali tatu alizibeba mkononi, ya nne alikuwa ameivaa, kaikunja chini mara mbili asije akaikanyaga. Fundi akamsimamisha ukutani, akampima kimo, kisha mguu, akafungua daftari.

"Mbili na nusu," akasema, pini zikiwa mdomoni. "Mwezi uliopita ulipungua moja tu. Mwalimu, safari hii umefanya nini?"

Mwalimu akajikuna shingo. Akakiri kwamba alitoa hela mara mbili kwenye mashine ya benki nyingine, ile ya kituo cha mafuta, kwa sababu ile ya benki yao iko mbali na jua lilikuwa kali.

"Basi usilaumu jua," Fundi akasema, akaanza kuchora na chaki.

Zamani benki ilikuwa inakata hela. Watu wakalalamika, wakaandika barua, wengine wakaenda mpaka redioni. Benki ikasikia. Ikabandika bango kubwa la bluu mlangoni lililosema kwamba pesa ya mteja haitaguswa tena, na kweli, kuanzia siku ile haikuguswa hata senti moja. Ada zote zikawa zinakatwa kwenye kimo cha mteja, kama ilivyoelezwa ukurasa wa nne wa fomu, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Wateja wote walisaini. Mwanzoni hata walifurahi, maana kitanda kilionekana kimeongezeka na blanketi likaanza kufika miguuni.

Ada ya mwezi ilikuwa nusu sentimita. Kutoa hela kwenye mashine ya benki yenyewe, nusu nyingine. Mashine ya benki nyingine, sentimita nzima. Kuuliza salio ilikuwa unene wa ukucha, na kila meseji unene wa uzi. Ukiziangalia moja moja ni vitu vya kupuuza. Ila mwenye duka la misumari, aliyekuwa na mkopo na bima ya mkopo na kadi mbili, alikuwa amebaki kimo cha chupa ya soda. Mkewe alimweka juu ya rafu, mbali na paka, na wateja waliendelea kumsalimia wakiingia. Bei za misumari zote alikuwa bado anazikumbuka.

Fundi, mama wa mtoto mmoja, hakuwa na duka kubwa lakini daftari lake lilikuwa linajua mambo mengi. Kila aliyekuja kupunguza nguo aliondoka na nguo na maneno. Alimwambia mwalimu achague siku moja ya mwezi, atoe hela ya mwezi mzima kwa mkupuo, kwenye mashine ya benki yake, halafu aigawe mwenyewe nyumbani kwenye bahasha. Asiulize salio kila akipita, aliandike. Aachane na mashine ya kituo cha mafuta hata kama anayeyuka. Mwalimu, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha kujumlisha na kutoa, alisikiliza kama mwanafunzi wa dawati la nyuma. Watu waliomsikiliza Fundi walifupika polepole, na kwa hiyo walikuwa hawarudi haraka, na kipato chake kikawa kinashuka. Alilijua hilo na hakuacha kusema.

Mtu mmoja tu ndiye hakuwa akimsikia, na huyo alikuwa baba yake mzazi.

Babu, kama nyumba nzima ilivyomwita, alifanya kazi ya kubadilisha taa za barabarani kwa miaka thelathini na moja. Siku anastaafu alikuwa na sentimita mia na tisini na moja, na wenzake kazini walimpa jina la Ngazi. Sasa alikuwa na mia na ishirini na tisa. Alivaa mashati aliyokatiwa upya na viatu vya rafu ya watoto dukani, na alikaa kwenye kiti chake kilekile, miguu ikining'inia. Mjukuu wake, binti wa pekee wa Fundi, alikuwa amempita zamani.

"Babu, ukiendelea hivi nitakuandikisha chekechea," binti alimwambia siku moja akimpa chai.

"Niandikishe. Kule angalau wanalala mchana."

Kilichokuwa kinamnyima Fundi raha ni uhakiki. Kila mwaka mstaafu alitakiwa afike benki mwenyewe, aonekane kwamba yu hai, ndipo pensheni yake iendelee. Miaka ya nyuma ilitosha kufika. Halafu familia moja ikamleta mzee wao akiwa amekufa tangu juzi yake, wamemkalisha kwenye kiti na kumvalisha miwani, na ikaja nyingine ikamsimamisha mzee wao juu ya kreti la soda. Benki ikaweka utaratibu. Mstaafu asimame kwa miguu yake, pekupeku, sakafuni, asibebwe, asipandishwe juu ya kitu, na keshia aliyekaa upande wa pili ayaone macho yake juu ya kaunta. Kofia haihesabiki, wala nywele.

Kaunta ilikuwa ya jiwe jeusi. Fundi aliipima kwa tepu siku moja akijifanya ameangusha kalamu. Sentimita mia na kumi. Akarudi nyumbani akampima baba yake, siyo kimo bali kutoka sakafuni mpaka kwenye macho. Mia na ishirini. Uhakiki ulikuwa umebakiza miezi minne, na Babu alikuwa anapungua karibu sentimita nne kila mwezi. Fundi akaandika hesabu hiyo nyuma ya daftari. Hakuhitaji mwalimu wa kumsaidia kuiona. Bila pensheni, dawa za Babu za presha zingetoka kwenye cherehani, na cherehani ilikuwa tayari inabeba kodi, chakula na shule.

Akamkalisha baba yake chini, au tuseme alikaa yeye chini ili walingane, wakapitia karatasi moja baada ya nyingine.

Kubwa kuliko yote ilikuwa ile mashine ya kituo cha mafuta. Babu aliiendea mara tatu kwa mwezi, na alitoa hela kidogo kila safari. Fundi akamuuliza kwa nini hasa.

"Yule mlinzi wa pale ndiye aliyekuwa ananishikia ngazi," Babu akasema. "Miaka kumi na tisa, mimi juu, yeye chini."

"Si umtembelee tu, Baba, bila kutoa hela?"

"Haruhusiwi kuongea na mtu asiye na shughuli. Nikiingiza kadi nina shughuli."

Kila maongezi yalikuwa yanamgharimu mzee sentimita moja, na yeye alikuwa analijua hilo muda wote na kuona ni bei ya haki.

Zikafuata meseji. Benki ilimtumia Babu meseji hela ikiingia, hela ikitoka, sikukuu zikikaribia, na siku yake ya kuzaliwa. Zote zilianza kwa kumwita mpendwa. Tangu afiwe na mkewe hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimwita hivyo, na meseji zote alizihifadhi. Halafu kulikuwa na akaunti ya pili, ya akiba, aliyofunguliwa siku ya ofa kwa sababu walikuwa wanagawa miavuli. Akaunti hiyo haikuwa na kitu ndani na ilikuwa inamla nusu sentimita kila mwezi. Mwavuli wenyewe ulishavunjika.

Fundi akakaza. Akafunga akaunti ya mwavuli. Akazima meseji. Akausoma ukurasa wa nne kwa siku mbili, kidole kikiwa juu ya mstari, akakuta kwamba wastaafu wanasamehewa ada ya mwezi kama watajaza fomu fulani ya kijani. Fomu hiyo ilikuwepo benki siku zote, ndani ya droo, na ilitolewa kwa aliyeitaja kwa namba yake. Akaitaja. Kadi ya Babu akaiweka kwenye kopo la vifungo, itoke mara moja tu kwa mwezi, kwenye mashine ya benki yenyewe.

Babu hakugoma. Alikwenda kituo cha mafuta kama kawaida, akasimama ng'ambo ya barabara, akampungia mlinzi mkono. Mlinzi naye akapunga. Wakawa wanapungiana hivyo kwa dakika kumi, kumi na tano, halafu Babu anarudi nyumbani.

Mwezi ulipoisha Fundi akampima. Macho yalikuwa kwenye mia na kumi na tisa na nusu. Nusu sentimita tu ilikuwa imekwenda, ile ya kutolea hela. Fundi akaimba siku nzima kwenye cherehani, jambo ambalo binti yake hakuwa amelisikia tangu akiwa mdogo.

Kosa lake lilianzia kwenye furaha hiyo. Fundi alikuwa mtu wa kitambaa. Kwake yeye kitambaa kizuri ukiwa na wasiwasi nacho unakikunja, unakiweka kabatini, na siku utakayokitoa utakikuta na urefu wake wote. Akawaza kuwa kama kutoa hela mara moja kunakula nusu, basi kutokutoa kabisa hakuli kitu. Akaamua akaunti ya Babu isiguswe mpaka uhakiki upite. Wataishi kwa cherehani. Akaanza kupokea kazi za mapazia na foronya, ambazo alikuwa anazichukia, na akala mara moja kwa siku akisema tumbo limejaa gesi.

Mwezi ukapita, Babu hakupungua hata unene wa uzi. Wa pili ukapita, vilevile. Fundi akaandika mia na kumi na tisa na nusu mara mbili, moja chini ya nyingine, na kuzipigia mstari.

Siku ya sitini na moja, asubuhi, Babu alishuka kitandani na safari ya kufika sakafuni ikawa ndefu kuliko jana yake. Akavaa shati, mikono ikafika kwenye kucha. Akaenda taratibu mpaka chumba cha kazi, akasimama ukutani bila kuambiwa.

"Nipime, mama," akasema.

Macho yalikuwa kwenye mia na saba na nusu.

Fundi akarudia kupima. Akabadilisha tepu, akapima tena. Sentimita kumi na mbili zilikuwa zimekwenda usiku mmoja. Akavua aproni, akaenda benki.

Benki hakuwa akiingia kama mteja tu. Sare za wafanyakazi alikuwa anashona yeye, na malipo yake yalipitia kwenye akaunti ya palepale, kwani benki haikuwa inalipa mtu yeyote mkononi. Kwa hiyo alimjua meneja na vipimo vyake. Miaka mitano iliyopita meneja alikuwa mtu wa kawaida wa sentimita mia na sabini. Sasa alikuwa na mia mbili na thelathini na moja, na mlango wa ofisi yake ulikuwa umeongezwa juu mara mbili. Wafanyakazi wengine nao walirefuka kwa kadiri ya vyeo vyao. Fundi aliwapima mwishoni mwa kila mwezi, siku ileile aliyopima mtaa, na tarakimu zilipungua kwenye ukurasa wa kushoto wa daftari na kupanda kwenye wa kulia. Hakuwahi kumwonyesha mtu, kwa sababu kila mtu aliyekuwa na macho alikuwa ameshaona.

Meneja alimkaribisha vizuri. Alimvutia kiti. Akaangalia kwenye kompyuta, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Akaunti ya mzee ililala, mama. Siku sitini haijaguswa. Hiyo kumi na mbili ni ada ya kuiamsha."

Fundi akasema hakuna aliyewaambia. Meneja akasema waliambiwa, tena mara tatu, kwa meseji. Akasoma skrini tena. Akakuta kwamba meseji za mzee zimezimwa kwa ombi la familia.

Fundi akaomba. Aliomba ada irudishwe, ikashindikana. Aliomba basi siku ya uhakiki Babu aonekane kwa pembeni, kwenye mlango mdogo wa kaunta ambao wahudumu wanapita. Hilo nalo likashindikana.

"Ingekuwa mimi ningekurudishia hata sasa hivi," meneja akasema. "Sikati mimi. Mfumo ndio unakata."

"Na ukishakata unapeleka wapi?"

Meneja akanyoosha miguu yake chini ya meza, ikatokea upande wa pili, karibu na viatu vya Fundi. Akasema hilo ni swali zuri na atalifikisha makao makuu. Kisha akamkumbusha, kwa upole, kwamba suruali zake mpya zinahitajika Ijumaa.

Siku ya uhakiki walitoka nyumbani mapema. Wazee walikuwa wamejaa benki, pekupeku, viatu mkononi, wamejipanga kwa mstari kama watoto wa darasa la kwanza. Wengine walikuwa wanajinyoosha shingo, wanazungusha mabega, wanapumzika, wanajinyoosha tena. Mama mmoja alikuwa amelala sakafuni kwa saa nzima, kwani alisikia mtu akilala anaongezeka. Babu alivaa koti la kazi la zamani lililokatwa likamkaa sawa, lenye mfuko ambao zamani alikuwa anaweka glavu. Fundi alikuwa amempima alfajiri. Mia na saba na nusu.

"Sifuri saba nne mbili," keshia akaita.

Babu akasogea mpaka kwenye jiwe jeusi. Akasimama kwa ncha za vidole, na mlinzi wa ndani akamgusa bega, akamwambia visigino chini mzee. Akashusha visigino. Keshia, msichana ambaye Fundi alimshonea sare mbili mwaka ule, akaangalia mbele. Mbele yake kulikuwa na ukuta na kalenda.

"Simwoni mtu," akasema.

"Nipo, mwanangu. Chini kidogo."

"Nakusikia, mzee, shikamoo. Lakini sauti siyo uhakiki. Sauti hata redio inayo."

"Marahaba. Sasa tunafanyaje?"

"Naita mara tatu. Baada ya hapo mfumo unaandika wenyewe kwamba umefariki."

Babu akafikiria. Akauliza kama akiandikwa hivyo atatakiwa kufanya chochote. Keshia akasema hapana, hakuna fomu.

Fundi alikuwa ameshaondoka pale. Alikuwa kwenye dirisha la mwisho, dirisha la kuhamisha, ambako watu wanatuma kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Alikuwa amelisoma jambo hilo ukurasa wa nne, karibu na mwisho, na hakulifikiria tena kwa sababu hakuwahi kumwona mtu akilifanya. Akamwambia karani anataka kumtumia baba yake kimo.

"Kiasi gani?"

"Mbili na nusu. Hapana, tatu."

"Kima cha chini ni tano."

"Basi tano."

Karani akamweleza bila haraka. Kuhamisha ni sentimita mbili. Kwa kawaida inafika baada ya siku tatu za kazi, ila akitaka ya haraka kuna moja na nusu juu yake. Fomu yenyewe ni nusu. Na mzee, akipokea, naye atakatwa mbili.

"Kwa nini akatwe na yeye ndiye anayepokea?"

"Hiyo ndiyo huduma ya kupokea, mama."

"Sifuri saba nne mbili," keshia akaita mara ya pili.

Fundi akapiga hesabu kwenye kiganja. Zitoke kwake tisa, ili baba yake apate tatu. Akatazama kule kwenye kaunta. Keshia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefungua chupa yake ya maji na anakunywa polepole, tone kwa tone, macho yake kwenye saa. Fundi akasaini.

Haikuuma. Viatu vilimlegea, sketi ikagusa sakafu, na dirisha la karani, ambalo alikuwa analitazama usoni, likawa la kutazama kwa kuinua kidevu. Alikuwa na mia na sitini na mbili alipoingia. Akainua sketi kwa mkono mmoja asiikanyage, akarudi kwenye foleni ya uhakiki.

"Sifuri saba nne mbili," keshia akaita mara ya tatu, maji yakiwa yamekwisha.

Juu ya jiwe jeusi yalikuwa yametokea macho mawili. Hakukuwa na pua wala mdomo. Yalikuwa macho tu, nusu sentimita juu ya jiwe, yakipepesa kwa sababu ya taa kali ya benki. Babu aliikazia macho taa hiyo, akasema balbu ya tatu kutoka kushoto inakaribia kuungua.

"Yupo," keshia akasema, akagonga muhuri.

Wakatoka. Kwenye ngazi za benki Babu akakaa akavaa viatu, na Fundi akamfunga kamba. Ilikuwa rahisi kuliko asubuhi, hakuhitaji kuinama sana.

"Umenipa zako," Babu akasema.

"Nimekupa tatu, Baba. Zile nyingine sijui zimekwenda wapi."

"Unajua."

"Najua."

Wakaenda zao kwa mguu, na kwa kuwa hatua zake Fundi zilikuwa zimefupika, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Babu hakuachwa nyuma.

Ijumaa Fundi alipeleka suruali za meneja. Mlangoni mwa benki kulikuwa na tangazo jipya. Lilisema kwamba kutokana na wafanyakazi kuumwa migongo kwa kuinamia kaunta fupi, kaunta zote zitainuliwa kwa sentimita kumi na mbili kabla ya uhakiki ujao. Benki iliwashukuru wateja kwa uvumilivu wao. Fundi akalisoma mara moja, likatosha. Meneja alizijaribu suruali, zikawa fupi kwa kiasi cha vidole viwili, na Fundi akapiga goti kupima upya.

Mtaani hakuna aliyemuuliza kilichomfupisha. Mwalimu wa hesabu alileta suruali moja, amepungua sentimita moja tu, na alijisifu. Wazee waliokuwa na watoto waliulizia ile fomu ya kuhamisha inaitwaje. Wasiokuwa na watoto walifupishiwa makoti, wakashukuru, wakaenda kusubiri kaunta mpya.

Wiki iliyofuata binti yake alirudi na bahasha. Alikuwa amefaulu kwenda shule ya juu, na alikuwa amepata ruzuku ya masomo, ada na nauli na vitabu, miaka miwili. Nyumba ilifurahi. Babu alishuka kwenye kiti akampa mkono kama mtu mzima. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya akaunti ya mwanafunzi, ya rangi ya waridi, kwa kuwa ruzuku ilikuwa inapitia benki peke yake. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya msichana anacheka. Binti alikuwa ameshausoma ukurasa wa nne.

"Nitatoa mara moja tu kwa muhula, Mama," akasema. "Kwenye mashine yao. Salio naandika. Na meseji siwezi kuzima, nimejifunza."

"Vizuri."

"Na ikifika uhakiki wa Babu, mimi nina mia na sitini na nane. Bado nakua."

Fundi akaichukua fomu, akasaini mahali pa mzazi, akaiweka chini ya pasi isipeperuke.

Jioni, mwanga ukiwa bado unatosha, akatandika mezani kitambaa cha sketi ya shule mpya. Sketi za wanafunzi alizoea kuzishona na pindo pana la vidole vinne, limefichwa kwa ndani, maana mtoto anakua na mzazi hana hela ya sketi kila mwaka. Pindo linafunguliwa kidogo kidogo mpaka shule inaisha. Akampima binti kiunoni, akampima mpaka chini ya goti, akaweka alama ya chaki. Akakata palepale kwenye alama.

Binti akauliza kama hajasahau pindo. Fundi akasema hajasahau, akakisogeza kiti mbele ili mguu ufike, akaanza kushona.